Bendera Moja, Daftari Tatu

Siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya kampuni ya ulinzi iliyoko Randburg, Octave Bashizi alisomewa mwandiko wake mwenyewe kama ushahidi dhidi yake. Kitabu cha matukio, kile ambacho kila mlinzi wa Johannesburg hukikuta mezani anapoingia zamu, kilifunguliwa, na msimamizi akaanza kusoma kwa sauti.

"Tarehe nne, saa nne na robo. Somo: mabaraza matano ya bahari ya Uholanzi. Wanafunzi thelathini na wanne. Lengo limefikiwa." Akafungua ukurasa mwingine. "Tarehe kumi na moja. Somo: tofauti ya meli za Kampuni na meli za Jamhuri. Wanafunzi ishirini na tisa. Wawili walisinzia."

Alikuta maandishi ya namna hiyo mara sitini na moja. Kisha akafunga kitabu, akatamka kwamba mlinzi ameandika kwa mkono wake kuwa aliacha lindo mara sitini na moja, na kwamba kampuni haihitaji shahidi mwingine.

Octave hakukana. Aliomba jambo moja tu: msimamizi ashuke hadi chini ya kila ukurasa, asome sahihi iliyopo pale. Alijibiwa kwamba sahihi haimo katika shtaka. Kikao kilichukua dakika ishirini na tano, na mtu aliyeingia akiwa na kazi mbili akatoka hana hata moja.

Sahihi zile zipo. Aliyezitia yupo. Kitabu chenyewe kipo kabatini, hakijaungua wala hakijaliwa na mchwa. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba jambo hili limekwisha, na ndiyo maana naeleza maisha ya mtu huyu tangu mwanzo, ili asomaye aone kosa lilikuwa la nani.

Octave alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, akasomesha historia miaka kumi na mmoja katika shule ya sekondari mjini Bukavu. Kwao mwalimu hufuatana na daftari la kila siku kama kivuli chake. Humo huandika saa ya somo, kichwa chake, idadi ya waliohudhuria, lengo, na kama lengo limefikiwa. Inspekta akija hamuulizi mwalimu anajua nini, huomba daftari. Mwalimu asiyeandika hakufundisha, hata kama wanafunzi wake wote wamefaulu. Octave aliwahi kuona mwenzake, mtu hodari kuliko yeye, akinyimwa cheo kwa sababu ya wiki mbili zisizoandikwa. Tangu hapo hakuacha siku hata moja ipite bila mstari.

Vita vilimtoa Bukavu. Huku kusini diploma yake ilitazamwa, ikarudishwa kwenye bahasha. Akavaa sare ya mlinzi kama maelfu ya watu wetu walivyovaa, madaktari na wahasibu miongoni mwao, na kwa miaka tisa alisimama milangoni. Yeye na mkewe Marcelline wanaishi Kensington, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya watu wengine. Binti yao Gaëlle anaelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Miaka mitatu iliyopita kampuni ilimpeleka kwenye makumbusho ya ukoo mmoja tajiri huko Randburg. Jina la makumbusho hayo silitaji, wenyewe wanajijua. Ni nyumba yenye kumbi tatu, iliyojaa dira, mizinga, mabango na sare za wanamaji wa Uholanzi, kilomita mia kadhaa kutoka bahari iliyo karibu zaidi. Octave aliwekwa mlango wa ukumbi wa pili. Kanuni zake zilikuwa fupi: simama, tazama, usiguse, usizungumze na wageni.

Alisimama. Lakini mtu aliyesomesha miaka kumi na mmoja hawezi kusimama mbele ya ubao wa maelezo asiusome, na akiusoma hawezi kutoona ulipopungua. Mwaka wa kwanza alimaliza mbao zote. Mwaka wa pili alianza vitabu, vya Kifaransa na vya Kiingereza, akiviazima maktaba ya mjini na kuvisoma asubuhi kwenye teksi, yale mabasi madogo ya huku. Twalib, Mtanga aliyelinda geti la magari, alimcheka mpaka akachoka.

"Mwalimu, wenzako wanasoma magazeti ya mpira. Wewe Waholanzi wamekulisha nini?"

"Hawakunilisha kitu, ndugu yangu. Lakini mimi nasimama hapa kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Bon, afadhali nijue nalinda nini."

Mwezi wa pili mwaka huu, mwongozaji wa makumbusho aliondoka, na nafasi yake haikujazwa. Wiki hiyohiyo basi la wanafunzi lilifika. Hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mkurugenzi wa makumbusho, mama mmoja mchangamfu wa maneno, alitazama huku na huku, kisha akamwendea mlinzi wa ukumbi wa pili na kumwambia kwamba amesikia anayajua mambo haya, basi awasaidie watoto, kwa leo tu.

Leo hiyo ilidumu miezi minane.

Waliomsikia wanasimulia kwamba alianza kila mara kwa swali lilelile: jeshi ni la nani? Watoto walijibu kwamba ni la mfalme, au la serikali. Hapo huwaketisha sakafuni na kuwaeleza kwamba Uholanzi, ilipokuwa jamhuri, haikuwa na jeshi moja la wanamaji. Ilikuwa na mabaraza matano ya bahari, la Amsterdam, la Rotterdam, la Zeeland, la Friesland na la miji ya kaskazini, kila moja likijenga meli zake na kuteua manahodha wake, na mara nyingi yakioneana wivu. Pembeni yake ilikuwapo Kampuni ya Hindi ya Mashariki, mali ya wafanyabiashara, iliyopewa ruhusa ya kuwa na meli za kivita na kupigana vita kana kwamba yenyewe ni dola. "Rasi yenu ya Tumaini Jema," aliwaambia, "haikutawaliwa kwanza na serikali. Ilitawaliwa na Kampuni. Mtu akilalamika kwa serikali, serikali inasema iulize Kampuni. Akilalamika kwa Kampuni, Kampuni inasema sisi tuna hati ya serikali."

Mabaraza yakafutwa mwaka 1795, likaja jeshi moja la taifa, na baadaye la ufalme. Watoto walidhani hapo mambo yamenyooka. Octave huwapeleka kwenye ramani ya visiwa vya Hindi ya Mashariki, ambavyo leo ni Indonesia, na kuwaonyesha kwamba kule koloni mambo yalipangwa upya. Kulikuwa na meli za kifalme zilizotumwa kutoka nyumbani, makao yao Surabaya. Na kulikuwa na meli za Gavana Mkuu, zilizokagua taa na maboya, zikabeba maofisa na kufukuza maharamia. Hizo hazikuwa za jeshi la kifalme bali za serikali ya koloni. Maofisa wake walikuwa Waholanzi. Mikono iliyovuta kamba ilikuwa ya wenyeji. Hata ndani ya meli za kifalme, baharia aliyezaliwa Java hakuwa sawa na aliyezaliwa Rotterdam; mshahara wake ulikuwa mwingine, na ngazi ya kupanda cheo nyingine. Mwaka 1933, mishahara ilipokatwa, mabaharia wa meli moja ya kivita, wenyeji na baadhi ya Waholanzi pamoja, waliiteka na kuondoka nayo wakilalamika. Ndege ya serikali yao wenyewe ikawaangushia bomu. Walikufa zaidi ya ishirini, wengi wao wenyeji.

"Bendera moja," Octave huhitimisha, "daftari tatu. Ukitaka kujua mtu anathaminiwa namna gani, usitazame bendera anayoipigia saluti. Uliza jina lake limeandikwa katika daftari gani."

Kila somo aliliandika, kwa sababu aliondoka mlangoni na kitabu cha matukio kinataka kujua mlinzi yuko wapi. Hilo ndilo lililomponza. Twalib alimwonya mapema, wakinywa chai nyuma ya kibanda cha geti.

"Kitabu kile ni cha kuandika wezi na mabomba ya maji yaliyopasuka. Wewe unaandika 'lengo limefikiwa'. Lengo la nani?"

"La somo."

"Andika 'yote salama'. Walinzi wa dunia nzima huandika 'yote salama', hata nyumba ikiungua."

"Ile saa sikuwa mlangoni, Twalib. Nikiandika nilikuwa mlangoni, ni uwongo. Na kama inspekta anakuja?"

"Inspekta gani, papa? Hapa Randburg. Inspekta wako alibaki Bukavu anatafuta mafuta ya pikipiki."

"Anakuja kila Ijumaa," Octave alisema. "Mkurugenzi anatia sahihi. Juzi ameandika hata 'vizuri sana'."

Twalib akatikisa kichwa. "Tanga kwetu wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wewe umewapa kisu, umewapa na nyama, na wewe mwenyewe umejilaza mezani."

Mwezi wa tano Octave alipata jambo lililomfanya alale akitabasamu. Marcelline ndiye aliyenieleza hivyo. Shule moja ndogo ya kanisa, katika mtaa wa Observatory, ilikuwa tayari kumpa vipindi vya historia kuanzia Januari. Mkuu wa shule aliitazama diploma ya Bukavu, tofauti na wengine, akaikubali. Alitaka kitu kimoja cha nyongeza: barua kutoka taasisi yoyote ya nchi hii, ikithibitisha kwamba Octave amewahi kufundisha vijana hapa na kwa lugha ya hapa. Ifike kabla ya mwisho wa Novemba. Octave alimweleza mkurugenzi, naye akajibu kwamba barua si tatizo, ataiandika akipata nafasi. Octave akangoja apate nafasi.

Mwezi wa kumi alikuja mfadhili. Ni mzee ambaye jina lake limechorwa kwenye shaba mlangoni, na babu yake alikuwa ofisa kwenye meli ya Gavana Mkuu. Picha ya meli hiyo imetundikwa ukumbi wa pili. Chini yake yameandikwa majina tisa ya Kiholanzi, ya kwanza na ya ukoo, kisha maneno haya: "pamoja na mabaharia wenyeji." Mfadhili alisimama nyuma ya wanafunzi bila kujulikana. Msichana mmoja, kutoka shule ya Kensington, akanyoosha mkono na kuuliza wenyeji kwenye picha ni wangapi. Octave akamwambia ahesabu. Akahesabu arobaini na wawili.

"Na majina yao?" msichana akauliza.

"Aliyeandika ubao huu hakuyaandika," Octave akajibu. "Huenda yapo katika daftari lingine. Siku moja mmoja wenu aende kuyatafuta."

Hakutukana mtu wala hakumtaja babu wa yeyote. Mfadhili aliondoka, na jioni hiyo akapiga simu. Siku ya tatu makumbusho yakaiomba kampuni iondoe "mlinzi anayetoa maoni". Kampuni ilihitaji sababu, kwa kuwa sheria ya kazi haimruhusu mwajiri kumwondoa mtu kwa simu ya tajiri. Sababu ikapatikana mezani, kwa mwandiko mzuri wa kialimu, ukurasa kwa ukurasa.

Sasa tazameni jinsi watu waliosoma walivyopanga uovu bila kuinua sauti. Octave alipomwandikia mkurugenzi kuomba aje kusema kwamba yeye ndiye aliyempa kazi ile, alipata barua ya mistari miwili: Bwana Bashizi hakuwahi kuwa mfanyakazi wa makumbusho, masuala ya majukumu yake yaelekezwe kwa kampuni. Kampuni nayo ikasema kwamba mkataba wake ni wa kulinda, na aliyofanya zaidi ya kulinda aliyafanya kwa hiari yake, hivyo aulize huko alikoyafanya. Alipoomba nakala ya kurasa zenye sahihi, kampuni ilijibu kwamba kitabu ni mali ya makumbusho. Makumbusho yakajibu kwamba ni mali ya kampuni. Yale aliyowafundisha watoto kuhusu Rasi aliyaona kwa macho yake, katika jengo lilelile lenye mbao za kuyaeleza.

Siku ya kikao Twalib alijitolea kuwa shahidi wa Octave. Msimamizi alimuuliza mlinzi wa geti anaweza kuona nini cha ndani.

"Niliona mabasi," Twalib alisema. "Watoto wanashuka wanapiga kelele, wanarudi wanabishana. Wanabishana juu ya meli, bosi. Watoto wa Johannesburg. Hilo halitokei lenyewe."

"Eish, Twalib. Ulimwona mtuhumiwa akifundisha? Ndiyo au hapana?"

"Ukuta haunioneshi."

"Basi hapana," msimamizi akasema, akaandika.

Kuna jambo moja ambalo Octave mwenyewe hakutaka niliandike, kwa sababu anaona aibu isiyo yake. Wiki mbili baada ya kufukuzwa, makumbusho yalitoa kijarida chao cha mwaka. Ukurasa wa kati una picha kubwa: wanafunzi wameketi sakafuni, mkurugenzi kasimama pembeni akitabasamu, na katikati, mkono ukielekea ramani ya Java, mtu mrefu mwenye sare ya ulinzi. Chini yake limeandikwa jina la mkurugenzi, jina la mwalimu mkuu aliyewaleta watoto, kisha: "pamoja na mlinzi." Habari yenyewe inajisifu kwamba zaidi ya wanafunzi elfu moja na mia saba wamefundishwa mwaka huu. Hawasemi na nani.

Gaëlle ndiye aliyekileta kijarida nyumbani; shule yao iligawiwa. Alikiweka mezani mbele ya baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno: "Papa, hawakuandika jina lako."

"Nimeona."

"Kwa nini?"

Marcelline anasema Octave alichukua kalamu ya binti yake, akaandika chini ya picha jina lake kamili, tarehe, somo na idadi ya wanafunzi. Alipofika kwenye lengo, akasita. Nafasi hiyo aliiacha wazi.

Leo hii Octave yupo Kensington, mlango wa duka la samani kwenye barabara kuu, karibu na robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku. Kazi yake ni kukagua risiti za wanaotoka. Shauri lake liko kwa wasuluhishi wa kazi, na tarehe aliyopewa ni ya Februari. Februari shule ya Observatory itakuwa imekwisha kumpata mtu mwingine. Na hata akishinda, wasuluhishi wanaweza kuirudisha kampuni kwenye haki, wampe tena mlango wa kusimama. Hawawezi kuyalazimisha makumbusho yaandike barua kuhusu mtu ambaye, kwa karatasi, hakuwahi kuwa wao. Karatasi zilipangwa hivyo kwa makusudi. Mlinzi aliyekodiwa kutoka kwa kampuni huweza kutumiwa kama mwalimu, mpagazi, msafishaji na mpokea wageni, na siku ya kuulizwa, hakuna daftari lenye jina lake.

Wapo wenzetu wanaoniambia niache, kwamba mgeni hagombani na mwenye nyumba, na kwamba Octave alijiponza kwa kuandika ukweli mwingi. Nawajibu kwamba nimechoka kusikia ukweli ukihesabiwa kuwa uzembe wa mnyonge. Mtu huyu angeandika "yote salama" kama wenzake, leo angekuwa na kazi. Jamii inayomwadhibu mlinzi kwa kutosema uongo isishangae wezi wakiingia mchana.

Kwa hiyo nasema na ninyi mliohusika.

Wewe, Mkurugenzi: sahihi zako zipo chini ya kurasa zile, pamoja na maneno "vizuri sana" uliyoyaandika kwa kalamu ya kijani. Siombi umpende Octave. Siombi hata umrudishe. Fungua kabati, toa kitabu, na uandike barua uliyoahidi mwezi wa tano: kwamba Octave Bashizi alifundisha historia katika makumbusho yako kuanzia Februari hadi Oktoba, kwa ombi lako na chini ya usimamizi wako. Iandike kwa jina lake kamili, uipeleke Observatory mwenyewe kabla ya tarehe thelathini ya Novemba.

Wewe, msimamizi wa kampuni: toa nakala ya kurasa zote sitini na moja, juu hadi chini, na sahihi zikiwemo, uziweke mbele ya wasuluhishi pamoja na shtaka ulilolijenga juu yake. Ukisoma nusu ya ukurasa, usijiite msimamizi wa haki.

Na ubao ule wa ukumbi wa pili, wenye majina tisa na watu hamsini na mmoja: uondoeni, mpaka mtakapoyatafuta mengine arobaini na mawili.